Vidonge vya Meneja

9 Januari

Mjomba,

Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana dada, huyo binti yako, ameniambia kukaa kwenyewe sasa ni kazi. Huku hatujambo. Mama anakusalimu na anasema nyonga yako haikuvunjwa na kuanguka, ilivunjwa na kiburi, kwa sababu mzee wa miaka sabini na moja hapandi stuli kukaza komeo la dirisha wakati ana mpwa mrefu mtaa wa pili. Nimeandika kama alivyosema. Dukani kwetu mashine kubwa ya kutoa nakala imekufa tena. Tunatumia ile ndogo, na foleni ya wanafunzi inafika mpaka mlangoni kwa kinyozi, ambaye sasa anatudai kiti.

Nije kwa kobe wako. Siku dada alipokuchukua ukauguzwe kwake uliniachia Meneja na maneno matatu: anakula chochote tu. Nimekaa naye mwezi mzima kwangu, ghorofa ya tatu, chini ya sinki, na ninampa mkate, wali na ndizi mbivu. Hana malalamiko. Jana nilimnyanyua ili nifagie, nikasikia gamba limebonyea chini ya kidole gumba, kule nyuma karibu na mkia, kama kifuniko cha ndoo ya plastiki. Nikaacha. Nikabonyeza tena kuhakikisha, likabonyea tena. Lilikuwa hivyo tangu zamani?

Mpwa wako


17 Januari

Mpwa wangu,

Mwambie mama yako salamu zimefika, na kwamba ile stuli niliitengeneza mwenyewe na haina kosa lolote. Dada yako mzima. Anatoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kufundisha na kurudi jioni, na mume wake yuko barabarani na lori lake. Nimepewa chumba cha nyuma. Dirisha linatazama ukuta wa jirani, ukuta umepigwa lipu vibaya. Kuna televisheni. Nina chuma cha kutembelea chenye miguu minne, na safari yangu ni kitandani mpaka chooni, kisha narudi. Daktari anasema upande wa pili nao umechoka, mifupa imekuwa myepesi, na nikitaka kurudi nyumbani mwezi wa nne lazima kwanza ikaze. Amenipa vidonge.

Gamba halikuwa hivyo. Miaka ishirini na sita nimekaa na Meneja, ungeweza kulipigia msumari. Hiyo ni dalili ya unyevu. Nenda karakana, kopo la bluu rafu ya juu, yale mafuta ninayopaka meza. Mpake tabaka mbili nyembamba na uache moja ikauke kabla ya nyingine.

Nina neno lingine ambalo hutamwambia mtu. Dada yako anataka nibaki huku moja kwa moja. Hasemi kwa ubaya. Akisema nyumba itakaa tupu, anasema pia inaweza kupangishwa. Nikimtajia vifaa, anasema vina wanunuzi. Kila ninaloshika ana jibu lake, na majibu yake ni ya maana. Nimebaki na Meneja tu. Nikimwambia nina Meneja ananisubiri, ananyamaza, kwa sababu anamkumbuka akimfuata marehemu mama yake jikoni. Basi ujue hali yangu. Huyo kobe akifa, mimi nimehamia huku.

Mjomba wako


2 Februari

Mjomba,

Sote tu wazima, na Mama amepata miwani mipya, sasa anaona vumbi lililokuwepo tangu zamani na anatulaumu sisi.

Nilimpaka mafuta kama ulivyoagiza. Aling'aa kama meza ya mkurugenzi. Siku mbili baadaye nyayo zikaanza kuteleza sakafuni, akawa anatembea bila kwenda, nikampakia kwenye boksi la karatasi nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari huyu siku zote hutibu ng'ombe. Alimtazama Meneja, akauliza nani alimpaka vanishi. Nikasema ni jamaa yangu mmoja, seremala. Akaniambia nimfikishie huyo jamaa kwamba gamba si mbao. Ni mfupa, uko hai, unakua na una hisia, na akikwaruzwa anajua.

Kisha akaniuliza anakula nini. Nilipofika kwenye mkate aliweka kalamu chini.

Maagizo ni haya. Mkate, wali na ndizi, marufuku. Ale nyasi, magugu ya kando ya njia yasiyopigwa dawa, majani ya mforsadi, majani na maua ya haibiskasi. Mchicha ni kidogo kidogo, kwa sababu unaizuia chokaa ya mifupa, yaani kalsiamu, isiingie mwilini. Awe na mfupa mweupe wa ngisi wa kuguguna, au ganda la yai lililosagwa, kwa sababu gamba linajengwa kwa chokaa. Kila asubuhi aloweshwe kwenye beseni la maji yasiyopita kidevu. Na zaidi ya yote, jua. Jua la nje kabisa, la dirishani halihesabiki, kwa sababu bila jua hata ukimlisha gunia la chokaa mwili hautaishika. Alisema nimemweka gizani kama faili la kesi.

Nilimpima kwenye mizani ya bucha, kilo mbili na robo. Mteja mmoja aliuliza bei.

Daktari anasema tukifuata haya gamba litakaza katika miezi mitatu au minne. Tusipofuata litapinda, na baada ya hapo hataki kuniahidi uhai. Naogopa, Mjomba, kwa sababu kosa ni langu. Kuhusu jua usijali, nimepata mahali.

Mpwa wako


20 Februari

Mpwa wangu,

Nimesoma barua yako mara tatu. Dada yako mzima, mume wake alirudi akalala siku mbili akaondoka. Jirani naye amegundua lipu yake mbovu, ananiuliza mimi kupitia dirishani.

Kosa si lako. Mimi ndiye niliyesema anakula chochote. Kwangu alikuwa akila mkate wangu kweli, lakini mchana kutwa alikuwa uani anakula anachojua mwenyewe, na mimi nikadhani ni mkate uliomjenga. Huyo daktari wa ng'ombe mwambie jamaa yako amesikia kuhusu mafuta.

Katika kifurushi hiki kuna vidonge vya chokaa pamoja na vitamini D. Nimevipata hapa. Saga nusu kidonge, nyunyiza juu ya majani yake, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Vikiisha nitaleta vingine. Usiniulize nimefikaje duka la dawa.

Mjomba wako


11 Machi

Mjomba,

Huku wazima. Mashine kubwa imepona, kinyozi amepata kiti, Mama ameanza kuona vumbi la majirani.

Dawa imefika, asante. Meneja anaendelea vizuri. Anaamka na jua, anatembea akikagua ukuta wote, akimaliza anaanza upya, na bado hajafanya kazi yoyote. Kweli jina ulimpa. Mfupa wa ngisi ameuguguna mpaka umekuwa mwembamba kama sabuni ya mwisho. Ukimbonyeza kule nyuma bado kunabonyea, ila si kama mwanzo.

Swali dogo. Juu ya mfuko wa vidonge kuna maandishi ya kalamu: Mwanamume, miaka 71, kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula. Meneja ni mwanamume, sawa. Hayo mengine?

Ule mti wa forsadi kwenye ua wako umezaa. Bomba la nje linavuja, nimelifunga kwa mpira.

Mpwa wako


29 Machi

Mpwa wangu,

Dada yako alikuwa na mafua, amepona. Mimi sikuambukizwa kwa kuwa sitoki.

Duka la dawa la huku lina mashaka mengi, haliuzi mpaka useme umri. Kobe hana cheti cha kuzaliwa. Nilipomchukua alikuwa mzima tayari, na hakuna aliyejua alizaliwa lini, kwa hiyo miaka sabini na moja haiwezi kukanushwa na mtu yeyote.

Nafurahi sana kwamba pamepungua kubonyea. Nilipofika hapo nilisimama bila chuma, sijui ni kwa furaha au kwa kusahau. Nimemsomea dada yako mistari hiyo wakati wa chakula. Akaniongezea mchuzi.

Naleta vingine sitini. Usimpunguzie.

Mjomba wako


14 Aprili

Mjomba,

Wazima, isipokuwa Mama anayesema mgongo, lakini amesema mgongo tangu nizaliwe.

Dawa imefika, asante. Leo asubuhi nimembonyeza Meneja kila mahali kwa kidole gumba, kama ulivyonifundisha kubonyeza mbao iliyoingia maji. Mbele kugumu, pembeni kugumu. Nyuma kunabonyea mahali pamoja padogo, ukubwa wa kifungo cha shati. Kwenye kingo za vigamba kuna mstari mweupe mpya, daktari wa mifugo anasema huo ni ukuaji, na umenyooka. Amefika kilo mbili na nusu. Bucha sasa wanamjua.

Mwezi wa nne umefika katikati na hujasema lolote kuhusu nyonga. Daktari wako amesemaje?

Mpwa wako


2 Mei

Mpwa wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Dada yako yuko kwenye mitihani ya wanafunzi, nyumba imejaa karatasi, hata juu ya kitanda changu.

Daktari alinipiga picha. Anasema mifupa haijakaza hata kidogo, na upande wa pili umezidi kuwa mwepesi. Anashangaa, kwa kuwa kwa vidonge alivyonipa ilitakiwa angalau isimame pale ilipokuwa. Nadhani mashine yake ni mbovu, hata nyinyi mna mashine mnajua zilivyo. Dada yako aliniuliza kama nameza. Nikamwonyesha karatasi za vidonge zilizotobolewa zote, akazihesabu, akaridhika. Sasa safari ni mwezi wa nane, na kutembea bila mtu kando nimekatazwa. Chooni pia.

Habari za Meneja zimenitosha kwa mwezi huu wote. Hicho kifungo cha shati tukimalize. Kuna vidonge ndani ya gazeti.

Mjomba wako


10 Mei

Mjomba,

Wote wazima. Salamu zangu leo ni fupi kwa sababu nina hasira, na nisipoandika upesi zitapoa.

Hivyo vidonge ni vyako. Safari hii vimekuja ishirini na sita vikiwa wazi, vimeviringishwa kwenye gazeti, na karatasi zake zilizotobolewa umebaki nazo wewe kumwonyesha dada. Uliponiandikia miaka 71 nilijua. Nilijidanganya kwamba hospitali imekupa vingi na unatoa ziada. Sasa umesema kwa mkono wako kwamba mifupa haikukaza, kisha aya inayofuata unanipa vidonge. Ulitaka Meneja awe mzima ili upate sababu ya kurudi nyumbani, na kwa ajili hiyo umejifungia njia ya kurudi. Ungeteleza chooni tungekuzika, na kobe angekuja msibani na gamba zuri.

Na mimi nina langu. Meneja hajala kidonge hata kimoja. Kifurushi cha kwanza nilimpelekea daktari wa mifugo siku ile ile. Alisema vidonge vya binadamu vina vitamini D nyingi mno kwa mnyama wa kilo mbili, vinaweza kumharibu figo, na kwamba kobe mwenye jua la kila siku, majani ya kweli na mfupa wa ngisi hahitaji zaidi ya hapo. Vyote nimeviweka kwenye kopo la biskuti, mahali pakavu. Sikukwambia, kwa sababu nilikuwazia ukivifungasha mwenyewe kwa mikono yako na nikashindwa kukurudishia. Nikaandika dawa imefika. Nikaandika Meneja anaendelea vizuri. Kila sentensi ni kweli, nilizipanga jirani tu, ukajaza mwenyewe.

Kama ningesema mwezi wa tatu, leo ungekuwa umevimeza. Nimelifikiria hilo usiku na mchana na ninaona aibu. Naandika nikiwa dukani na machozi yananitoka, na kuna mzee anasubiri nakala ya hati ya kiwanja anajifanya haoni.

Navirudisha vyote, mia moja na arobaini na sita. Muulize daktari kama bado vinafaa. Dada sijamwambia. Mwambie mwenyewe kabla mwezi huu haujaisha, vinginevyo nampigia simu, na unajua nikianza kusema simalizi.

Mpwa wako


7 Juni

Mpwa wangu,

Kopo limefika. Sikujibu mapema kwa sababu nilikuwa natafuta la kukulaumu. Kila nililolishika nikakuta ni kazi yangu mwenyewe.

Nimemwambia dada yako tarehe thelathini na moja, saa mbili usiku, ili usiseme nimepitisha mwezi. Nilitegemea atafoka. Aliketi juu ya kitanda, juu ya karatasi za mitihani, akaniuliza, "Baba, kwangu ni pabaya kiasi hicho?"

Mpwa wangu, nimepigwa na mbao, nimekatwa na msumeno, sijawahi kuumia vile. Nikamwambia si pabaya, ila si kwangu. Akaenda kupika. Tulikula bila televisheni. Halafu akasema kumbe ningemwambia tu kwamba napakumbuka nyumbani, badala ya kumtanguliza kobe kila siku kama wakili.

Tangu hapo vidonge ananipa mwenyewe. Anasimama mpaka nimeze, ananiambia nifungue mdomo, anakagua chini ya ulimi. Daktari ameandika pia dagaa, maziwa, mboga za majani na jua la asubuhi. Hapa jua liko kwenye ngazi za mbele peke yake. Dada yako ananitoa saa kumi na mbili kasoro, ananiweka kwenye kiti nikisubiri litoke, na jirani mwenye lipu anakuja kunirudisha ndani linapokuwa kali. Nafanya kama ninavyoambiwa. Sijazoea.

Meneja naye hajambo? Hukutaja uzima wake kwenye barua ile, ulikuwa na kazi ya kunisema.

Mjomba wako


21 Juni

Mjomba,

Wazima sote, na Mama amesoma barua yako bila ruhusa yangu, akalia, akasema ni mafua.

Meneja hajambo. Kifungo cha shati kimekwisha tangu wiki iliyopita. Nimembonyeza, nimemwita kinyozi akambonyeza, nimempeleka kwa daktari wa mifugo akambonyeza. Hakuna mahali panapobonyea. Daktari anasema aje tena baada ya mwaka, na amenionya kwamba hilo halimaanishi nirudie mkate.

Endelea kufungua mdomo.

Mpwa wako


19 Agosti

Mpwa wangu,

Hapa wazima. Dada yako yuko likizo, amenishonea shati, mkono mmoja mrefu kidogo.

Nimepigwa picha tena. Mifupa imekaza, si sana, lakini imekaza, daktari alinionyesha picha mbili kando kwa kando na hata mimi niliona. Natembea mpaka kona ya barabara kwa fimbo moja. Nilifurahi kwa dakika tano hivi. Kisha akasema sitaishi peke yangu tena. Nilimuuliza mpaka lini. Akasema hilo haliulizwi.

Nilimtazama dada yako. Hakuonekana kama mtu aliyeshinda, alikuwa anatazama viatu vyake. Basi nimekubali, na naomba unisaidie. Tafuta mpangaji wa nyumba, mtu asiyepiga misumari ovyo. Randa, patasi na misumeno vipeleke kwenye kile chuo cha ufundi, wanajua kuvinoa.

Meneja usimlete huku. Najua utataka. Hakuna ua, kuna saruji na ngazi, na zile ngazi jua likishapita halirudi mpaka kesho. Gamba lake litalegea tena na safari hii kwa ajili ya kunifurahisha mimi. Zamani nilitaka awe mzima ili nirudi. Sasa awe mzima tu. Mtafutie mtu mwenye ua, na awe mtu atakayemtazama, maana Meneja hasemi anapoumwa.

Nimekuwa nikianza barua zangu kwa uzima wa watu wa hapa. Leo mimi si mzima sana.

Mjomba wako


25 Agosti

Mjomba,

Mama mzima. Dukani salama.

Mtu mwenye ua amepatikana. Ni mimi, na ua ni wako. Ulipoandika kuhusu mpangaji nilijua siwezi kuficha zaidi. Daktari wa mifugo alipotaka jua, mwezi wa pili, nilikuwa naye ghorofa ya tatu bila jua. Nikaanza kumleta kwako alfajiri kabla ya kazi na kumrudisha jioni. Wiki ya pili mikono ikachoka. Wiki ya tatu nikaleta godoro. Mwezi wa tatu nikarudisha ufunguo wa chumba changu kwa mwenye nyumba, ambaye hakuniuliza kwa nini, aliuliza tu kama kobe naye anaondoka. Sikukwambia kwa sababu ningeonekana nimekalia nyumba ya mtu aliye kitandani. Nalala chumba kidogo. Chako nimefagia tu.

Sasa kuhusu daktari wako. Nimeisoma ile sentensi mara nyingi. Amesema hutaishi peke yako. Sijaona aliposema hutaishi na mimi.

Nimempigia dada. Tumezungumza saa nzima, amelia, nimelia, halafu akanipa masharti huku akiyaandika, kwa kuwa ni mwalimu. Vidonge utameza mbele yangu, mdomo wazi. Stuli nimeitoa nyumbani. Chooni kuna vyuma vya kushika pande zote mbili, vimefungwa na fundi ambaye utasema hajui kazi, na utakuwa sahihi, lakini vimeshika. Mchana nikiwa kazini Mama atashinda hapa, usinilaumu kwa hilo. Kila likizo dada atakuja kukaa, na amesema kila likizo, si baadhi.

Basi lako linaondoka Jumamosi, saa moja asubuhi, kiti cha mbele, na dada yuko pembeni yako njia nzima.

Usije ukadhani ninakufanyia hisani. Miaka tisa nimeishi peke yangu nikiwaambia watu kwamba napenda, na nilikuwa nikisema hivyo vizuri mpaka nikaaminika. Sipendi, Mjomba. Jioni nikirudi naongea na kobe. Njoo nyumbani.

Mpwa wako